Mlima Unaotembea: Habari za Mji wa Bukavu na Maji Yake

Mgeni anayefika Bukavu kwa meli kutoka Goma huuona mji kwanza akiwa ziwani. Huona rasi zake tano zimeingia majini kama vidole vya mkono. Huona miti, na nyumba nzuri ukingoni mwa Ziwa Kivu, na husema moyoni mwake: mji gani mzuri hivi! Hakosei. Lakini akiinua macho upande wa Kadutu, ataona mji mwingine. Huko nyumba zimepandana kama ngazi. Bati la huyu liko chini ya mlango wa yule, wala hakuna nafasi ya kupitisha hata mkokoteni. Habari tunayotaka kuwaeleza leo ni ya mji huo wa juu, kwa maana udongo unaoubeba haukutulia. Unatembea.

Wengine watacheka wakisikia neno hili. Basi, tuingie katika nyumba moja. Katika kazi yetu ya kutembelea jumuiya tunapita mara nyingi mtaa wa Funu, katika komini ya Kadutu. Yuko huko mama mmoja mjane, ambaye mlango wake umemsumbua miaka mingi. Kila mwaka mvua zikiisha, mlango unakwama. Mama humwita fundi seremala, naye huupunguza kwa randa, akalipwa, akaenda zake. Mwaka ufuatao mlango unakwama tena. Siku moja fundi aliweka randa chini akamwambia: «Mama, mlango huu hauna kosa. Ni nyumba inayogeuka.»

Fundi yule hakusoma chuo kikuu. Lakini neno alilolisema ndilo lile lile ambalo wataalamu wamelithibitisha kwa vyombo vyao. Tutaona jinsi gani. Lakini kwanza tujue mji ulivyoanza.

Mji ulivyoanza

Wazee husema jina Bukavu latoka katika neno la Kishi, «bunkafu», maana yake mahali pa ng'ombe. Vilima hivi vilikuwa malisho. Katika mwaka wa 1901 wakubwa wa Dola la Kongo, iliyokuwa mali ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, waliweka hapa kituo chao. Mwaka 1927 mji ulipewa jina la Costermansville, kwa kumkumbuka afisa mmoja Mbelgiji, Paul Costermans. Jina hilo lilidumu mpaka mwanzo wa miaka ya 1950, ndipo jina la wenyeji liliporudi.

Wabelgiji waliupanga mji kwa desturi ya makoloni ya siku zile. Wazungu walikaa kwenye rasi, Nguba na Muhumba na penginepo, karibu na ziwa. Waafrika walipewa Kadutu, juu ya mteremko, ili wawe karibu na kazi lakini wasiwe karibu na nyumba za wakubwa. Baadaye, katika miaka ya 1950, shirika la serikali lililoitwa Office des Cités Africaines lilijenga nyumba za matofali kule Bagira kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Nyumba zile zilikuwa na njia na nafasi kati yake. Lakini zilikuwa chache, na watu walikuwa wengi.

Tuliangalie jambo hili vizuri, kwa sababu watu husema kwa urahisi: «Maskini wanapenda kujenga mahali pabaya.» Si kweli. Mahali palichaguliwa na wengine kabla wao hawajazaliwa. Mji wa watu maskini uliwekwa juu ya mteremko tangu mwanzo, na wale waliofuata walijenga pale walipowakuta ndugu zao.

Watu waliongezekaje?

Uhuru ulipatikana mwaka 1960. Mwaka 1967 askari wa kukodiwa wakiongozwa na Jean Schramme waliuteka mji tangu Agosti hata mwanzo wa Novemba, na mji ukaharibika sana. Ukainuka tena. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya Rwanda, wakimbizi mamia ya maelfu waliingia Kivu ya Kusini. Vita vilivyoanza mwaka 1996, na vile vya mwaka 1998, viliwatoa watu vijijini. Mkulima aliyechomewa nyumba alikuja mjini na mkeka wake. Alitafuta mtu wa ukoo wake, akapewa kona ya kiwanja, akasimamisha mbao nne. Amani ilipochelewa, kona ile ikawa makao yake ya siku zote.

Hivyo mji uliopangwa kwa watu makumi ya maelfu leo unabeba zaidi ya milioni moja. Lakini mifereji haikuzaa mifereji mingine, wala njia hazikupanuka. Penye kiwanja kimoja cha zamani leo utahesabu nyumba nne au tano. Miti iliyokuwa kwenye miteremko imekuwa kuni na makaa.

Ardhi yenyewe

Sasa tutazame chini ya miguu yetu. Bukavu iko ndani ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi ya Afrika inapasuka polepole. Zamani za kale sana volkeno zilimwaga hapa lava nyingi. Lava ilipoa ikawa jiwe jeusi. Mvua na joto la miaka isiyohesabika vimelilainisha jiwe lile, nalo limekuwa udongo mwekundu wa mfinyanzi, ambao kila mtoto wa Bukavu anaujua kwa viatu vyake. Udongo huu ukikauka ni mgumu kama tofali. Ukinywa maji huvimba, ukawa mzito, ukateleza.

Tena miamba iliyo chini imekatwa na mipasuko. Mwaka 2004 mtaalamu Mbelgiji Jan Moeyersons, wa jumba la makumbusho la Tervuren, pamoja na wenzake Wakongomani, walitoa uchunguzi wao juu ya maporomoko ya Bukavu. Walionyesha kwamba maporomoko haya yana uhusiano na mipasuko hiyo na misukosuko ya Bonde la Ufa. Maana yake, mlima ulianza kutembea kabla ya Mzungu wa kwanza kuweka kituo chake, hata kabla ya ng'ombe wa kwanza kulishwa hapa. Hatukuuanzisha sisi.

Na misukosuko haijaisha. Jumapili tarehe 3 Februari 2008, saa tatu na nusu asubuhi, wakati watu wengi walikuwa makanisani, tetemeko la nguvu ya 5.9 lilitikisa Bukavu na ng'ambo ya Rwanda. Katika wilaya ya Rusizi kanisa liliwaangukia watu waliokuwa wakisali. Zaidi ya watu 30 walikufa Rwanda, na wengine walikufa upande wetu. Tarehe 7 Agosti 2015 ardhi ilitikisika tena kwa nguvu.

Matetemeko yale yalitufundisha jambo moja la ujenzi. Ukuta wa matofali usiofungwa kwa mkanda wa zege na vyuma huanguka kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. Nyumba ya mbao hulia na kuinama, lakini haimwangukii mtu kwa uzito ule. Ndiyo sababu watu wa Funu, ambao ardhi yao haitulii, wanajenga kwa mbao: nyumba ikiinama wanaweka jiwe chini ya nguzo, wanaisimamisha tena. Wamejifunza wenyewe bila injinia. Lakini kila faida ina hasara yake. Mbao zinashika moto, na nyumba zikibanana, moto wa jiko moja hula avenyu nzima. Anayekimbia udongo huangukia moto. Haya ndiyo mashaka ya watu wetu, wala tusiwahukumu upesi.

Wataalamu waliona nini?

Turudi kwa mlango wa yule mama. Poromoko la Funu si lile linalokuja kwa kishindo usiku mmoja. Ni kipande cha mlima, chenye ukubwa wa karibu kilomita mraba moja na nusu, ambacho kinateleza polepole mwaka hata mwaka. Juu yake wanakaa watu wapata 80,000. Ni mji mzima uliopanda juu ya mgongo wa mnyama mkubwa anayetambaa.

Kundi la wataalamu, wakiongozwa na Antoine Dille, na pamoja nao watu wa Bukavu wenyewe kama Toussaint Mugaruka Bibentyo na Guy Ilombe Mawe wa Université Officielle de Bukavu, walitaka kujua: je, mnyama huyu anaenda mwendo ule ule wa zamani? Walifanya hivi. Walichukua picha za zamani ambazo Wabelgiji walizipiga kwa ndege. Wakazilinganisha na picha za baadaye, na za siku hizi, na vipimo vya rada iliyo katika setilaiti, ambayo hupita juu mbinguni na kupima ardhi ikisogea hata kidogo sana. Kwa njia hii waliona habari za mteremko mmoja kwa muda wa miaka 70 hivi. Matokeo yalitolewa mwaka 2022 katika gazeti la sayansi liitwalo Nature Geoscience.

Waliona nini? Waliona kwamba mlima umeongeza mwendo pale ambapo nyumba zimejaa. Mvua peke yake haielezi jambo hili, wala matetemeko peke yake. Mji wenyewe umeingia katika sababu. Yaani sisi tunaokaa juu ya mgongo wa mnyama tunamchokoza kwa visigino vyetu.

Maji ndiyo kisigino

Pengine msomaji atauliza: nyumba ya mbao, nyepesi hivi, yawezaje kusukuma mlima? Jibu ni kwamba si uzito wa nyumba. Jambo kubwa ni maji.

Tufanye hesabu ndogo. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita mraba moja, ni lita moja. Paa la nyumba ndogo lina mita mraba 40. Mvua kubwa ya milimita 50 ikinyesha, paa lile litamwaga lita 2000, yaani mapipa kumi ya lita 200. Kwa mwaka mzima Bukavu hupata karibu milimita 1500. Basi paa moja tu humwaga lita 60,000, ambazo ni mapipa 300. Zidisha kwa mapaa yote ya Funu.

Zamani mvua ile ile ilianguka juu ya majani na miti. Sehemu ilinywewa na mizizi, sehemu ilirudi hewani, na iliyobaki ilienea pole pole. Leo bati linaikusanya na kuimwaga mahali pamoja, na mara nyingi mahali pale pana ufa. Maji hayataki kukaribishwa mara mbili. Huingia ndani ya ufa, hushuka mpaka penye udongo unaoteleza, hukaa pale na kuinua mzigo ulio juu yake. Ongeza mabomba yaliyopasuka kwa sababu ardhi imesogea: bomba linavuja, udongo unalowa, ardhi inasogea zaidi, bomba linapasuka tena. Ongeza maji ya kufulia, na vyoo vya shimo. Ongeza yule anayekata mteremko ili apate nafasi ya jiko. Ameondoa mguu uliokuwa unashikilia kiwanja cha jirani yake wa juu. Hivyo ndivyo mji na mlima vinavyosukumana.

Makorongo

Kuna ndugu wa poromoko, naye ni korongo, ambalo watu mjini huliita «erozioni». Poromoko linatoka ndani ya ardhi. Korongo linachimbwa na maji yapitayo juu. Mwaka 2025 gazeti la Nature lilitoa uchunguzi wa Guy Ilombe Mawe, Matthias Vanmaercke na wenzao juu ya miji ya Kongo. Walihesabu makorongo 2922 katika miji 26. Waliona kwamba tangu mwaka 2004 hata 2023 watu wapata 118,600 walipoteza makao yao kwa sababu hiyo. Na watu milioni 3.2 walikuwa wakikaa mwaka 2023 mahali ambapo makorongo yanaweza kufika.

Tena waliona jambo la kuwashangaza wengi: makorongo karibu yote yana uhusiano na barabara. Barabara inaletwa kama baraka, nasi tunaipigia makofi. Lakini barabara isiyo na mfereji ni mfereji wenyewe. Inakusanya maji ya mtaa mzima, inayapeleka mpaka mwisho wake, na pale mwisho inayatupa juu ya nyumba ya mtu. Mtu yule hakuulizwa. Basi tusiseme korongo ni kazi ya mvua tu. Ni kazi isiyomalizika ya wanadamu.

Msidhani mambo haya ni madogo. Tarehe 4 Mei 2023, katika wilaya ya Kalehe, si mbali nasi kwa njia ya ziwa, mito ilijaa na miteremko ikaporomoka juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Kule Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Waliokufa walipita 400, na wengi hawakuonekana tena.

Je, watu wahame?

Mara kwa mara wakubwa hutangaza kwamba watu watoke mahali pa hatari. Neno hili lina haki yake, maana uhai wapita kiwanja. Tulimwuliza yule mama kama angekubali kuhama. Alitujibu kwa upole: «Mwalimu, nihamie wapi? Mnionyeshe mahali, nami nitafunga mkeka leo.» Hatukuwa na jibu. Watu 80,000 hawahami kwa tangazo. Wakifukuzwa bila kupewa mahali, watapanda mteremko mwingine, mbali zaidi na soko na shule, na huko wataanza kukata miti upya.

Kwa hiyo twafikiri kazi ni mbili. Ya kwanza ni ya serikali na mainjinia: kuwatafutia kwanza mahali wale walio penye hatari ya leo na kesho, kuacha kuuza viwanja vya mahali palipojulikana kuwa pabaya, kuziba mabomba yanayovuja, kutojenga barabara bila mfereji wake mpaka mtoni, na kutumia ramani ambazo wataalamu wamekwisha kuzichora. Watoto wa mji huu wamesoma, wamepima, wameandika. Ni aibu maandishi yao yasomwe Ulaya na yasifunguliwe katika ofisi za hapa.

Kazi ya pili ni yetu, na hapo tusijidanganye. Mtu mmoja hawezi kusimamisha mlima. Lakini maji ya paa lake ni yake. Aweke mfereji wa bati na pipa, maji yale yatamfaa mke wake asiende kisimani. Pipa likijaa, azidio lisimwagwe ukutani kwa jirani, liongozwe katika mfereji wa wote. Aufunge ufa kwa udongo ulioshindiliwa kabla ya mvua za Septemba. Asikate mguu wa mteremko. Apande mianzi au miti penye nafasi. Asitupe takataka ndani ya mfereji, maana mfereji ulioziba ni hatari kuliko kutokuwa nao. Akisikia mlango unakwama upesi upesi, akiona ufa unapanuka kwa wiki, aamshe watoto na majirani, asingoje.

Katika avenyu ya mama yule palikuwa na ugomvi wa miaka mingi. Jirani wa chini aliamini jirani wa juu anamtakia mabaya, kwa kuwa kila mvua ilimletea tope mpaka kitandani. Jirani wa juu naye alisema: «Maji hushuka, mimi nifanyeje?» Walifika hata kutosalimiana. Siku moja wazee wa avenyu waliwaita, wakapanda nao wote wawili wakati mvua inanyesha, wakasimama wakitazama maji yanapotoka na yanapokwenda. Hakuna aliyesema neno. Waliona kwamba maji ya nyumba kumi na mbili yalikuwa yakikutana nyuma ya nyumba ya jirani wa juu, na yeye mwenyewe alikuwa akiumizwa na wale walio juu yake. Jumamosi iliyofuata walitoka na majembe, kila nyumba mtu mmoja, wakachimba mfereji mpaka mtoni, wakautandika mawe.

Mlima wa Funu haukusimama kwa ajili ya mfereji ule. Mlango wa mama bado unahitaji randa. Lakini tope haliingii tena kitandani kwa jirani wa chini, na watu wale wawili wanasalimiana asubuhi. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi hutoka wote kuzoa takataka mferejini, na mtoto anayetupa ganda la ndizi ndani yake hukemewa na mama yeyote aliye karibu.